Mwani mwekundu wa miambani: je, unaweza kuota Ziwa Tanganyika?

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunaanika dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Ziwa likifungwa ile miezi mitatu tunabaki hatuna kazi. Sasa amekuja kijana na picha za mwani mwekundu unaoota juu ya miamba huko Ulaya, anauita 'sea moss'. Anasema ufukwe wetu una mawe kila mahali, kwa hiyo utaota tu. Kwamba zamani ziwa hili lilikuwa bahari. Na kama chumvi haitoshi tuchimbe bwawa pembeni, tutie chumvi ya Uvinza. Mbegu anauza mfuko shilingi laki moja na nusu, na akiba yetu inatosha mifuko minane. Anauza pia unga wake kama dawa, anasema una madini 92 kati ya 102 ya mwili. Mwenzetu mmoja ana uvimbe shingoni, ameanza kuunywa na hospitali ameacha kwenda. Je, ni kweli utaota kwetu? Tutoe hela?"

Marahaba, dada. Hela msitoe. Mwani huo hautaota Ziwa Tanganyika, wala kwenye bwawa la chumvi ya Uvinza. Nitaeleza sababu kwa kirefu, ili ukirudi kwa wenzako uwe na hoja za kuwapa na si kusema tu kwamba mwalimu amekataa. Ila kwanza tumzungumzie huyo mwenzenu mwenye uvimbe. Habari ya mbegu inaweza kungoja, yake haingoji.

Mimi kazi yangu ni mwani, si tabibu, na uvimbe wa shingo siwezi kuupima kwa maandishi. Ninachokijua vizuri ni kilichomo ndani ya mwani. Mwani hunyonya madini joto kutoka baharini na kuyalimbikiza mwilini mwake. Tezi iliyo mbele ya shingo nayo huyahitaji madini hayo hayo kutengeneza homoni zake, na yakikosekana kwa muda mrefu huvimba. Hapo ndipo wauzaji walipopata hoja yao: uvimbe ni upungufu wa madini joto, mwani una madini joto, basi mwani ni dawa. Inasikika sawa, na ndiyo maana ni hatari.

Hatari ya kwanza ni kwamba si kila uvimbe wa shingo unatokana na upungufu huo. Upo unaotokana na vinundu ndani ya tezi, upo wa tezi kufanya kazi kupita kiasi, na upo wa saratani. Hatari ya pili ni kipimo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha kama 250, na kiasi hicho kwa kawaida hupatikana kwenye chumvi ya mezani iliyotiwa madini joto. Unga wa mwani hauna kipimo kinachotabirika. Hubadilika kwa aina ya mwani, pwani ulikotoka na namna ulivyokaushwa, hivyo kijiko cha leo na cha mfuko wa mwezi ujao havilingani. Tezi yenye vinundu, au iliyokaa miaka mingi na njaa ya madini joto, ikimiminiwa mengi kwa ghafla inaweza kuwaka kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukonda, usingizi kupotea. Tezi nyingine hufanya kinyume, hulala kabisa.

Kwa hiyo mwambie aache unga huo na aende Hospitali ya Maweni, au aanzie kituo cha afya kilicho karibu wampe rufaa. Achukue na mfuko wenyewe wa unga, auoneshe, aseme alikunywa kiasi gani na kwa muda gani. Asione haya, daktari akijua hilo atasoma majibu ya damu kwa usahihi. Kama ameanza kukosa pumzi akilala, chakula kinakwama, sauti imekwaruza, moyo unadunda hata akiwa amekaa, au uvimbe unakua upesi, hapo asisubiri siku ya kliniki. Aende leo. Na kama kuna mjamzito kikundini anayeutumia unga huo, naye aache na amwambie mkunga wake.

Kuhusu hayo madini 92, fikiria hivi. Sayansi imeorodhesha elementi 118 za asili na za maabara, na miongoni mwake zimo risasi, zebaki, aseniki na urani. Mwili wa binadamu unahitaji chache tu katika hizo. Chakula kilichobeba 92 kingekuwa kimebeba sumu nyingi pamoja na lishe. Mwani kweli hunyonya vitu vingi majini, na ukivunwa kwenye maji machafu unabeba uchafu huo pia. Idadi hiyo kubwa haipaswi kumvutia mnunuzi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye mwani wenyewe. Aliouonesha kijana kwenye picha, kwa maelezo yako, ni ule wanaouita mwani wa Ireland, jina lake la kitaalamu Chondrus crispus. Ni mwani mfupi, mara nyingi hauzidi kiganja cha mkono, wenye umbo la pepeo na matawi yanayogawanyika mawili mawili. Huota kwenye miamba ya Atlantiki ya kaskazini: Ireland, Uingereza, Iceland, na ng'ambo ya pili Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Hukaa sehemu ya chini ya ufukwe, pale ambapo maji huondoka tu yakipwa sana, na kuendelea hadi chini ya hapo ambako haukauki kamwe. Ni mwani wa bahari zenye baridi kali. Baadhi ya pwani zake huganda barafu wakati wa kipupwe na wenyewe ukabaki hai. Hata Unguja na Pemba hauoti, maana bahari yetu ni ya moto mno kwake. Maji ya juu ya ziwa lenu yana joto la nyuzi 25 au zaidi sehemu kubwa ya mwaka.

Kijana amewaambia hoja ni mawe. Hapo ndipo kosa lote lilipo. Mwani si mgomba wala mchikichi, hauna mizizi. Chini yake pana kishikizo kidogo kinachonata kwenye jiwe ili wimbi lisiuzoe, basi. Jiwe haliupi chakula wala maji. Chakula chote huingia kwa kupitia ngozi yake yote, kutoka kwenye maji yanayouzunguka. Ushahidi uko hapa hapa Tanzania. Akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, hawatumii mwamba wowote. Wanachomeka vigingi mchangani, wanavuta kamba kati ya kigingi na kigingi, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na mwani unakua ukielea. Ukiwa na maji yanayofaa, jiwe si lazima. Ukiwa na mawe yote ya kutoka Gombe hadi Kalemie bila maji yanayofaa, huna kitu.

Na maji ya ziwa hayafai kwa sababu ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali. Lita moja ya Ziwa Tanganyika ina kama nusu gramu na kidogo juu yake, yaani bahari imelishinda karibu mara 60. Wewe unafanya kazi ya samaki, kwa hiyo jambo hili umeshaliona kwa macho. Samaki wa chumvi ukimloweka usiku kucha kwenye maji matupu, asubuhi unamkuta amevimba na maji yamekuwa ya chumvi: maji yameingia ndani yake, chumvi imetoka. Seli ya mwani wa bahari imejaa chumvi kuendana na bahari inamoishi. Uitie ziwani, maji yatakimbilia ndani na chumvi zake zitavuja nje. Seli huvimba, utando wake huharibika, vilivyomo humwagika. Mwani mwekundu mbichi ukiutumbukiza kwenye maji yasiyo na chumvi na kuuacha, maji hugeuka rangi ya waridi, kwa sababu ile rangi nyekundu huyeyuka majini na seli zilizokufa haziwezi tena kuizuia. Siku chache baadaye unabaki na kitu cheupe kinachoteleza na kunuka.

Nikuambie ukweli wote: Chondrus ni mgumu kuliko aina nyingi za mwani, na huvumilia maji yaliyopungua chumvi hata kukaribia nusu ya bahari. Lakini nusu si sehemu moja ya sitini. Na ule wa Zanzibar, ambao ndio ningedhani uko mifukoni mwa wauzaji wengi nchini kwa jina la "sea moss", ni dhaifu zaidi. Mvua kubwa ya masika tu ikimwagika kwenye maji mafupi inaweza kuuharibu shambani.

Bwawa la chumvi ya Uvinza nalo tulipigie hesabu, maana ndiyo hoja inayovutia zaidi. Chukua bwawa dogo, mita 5 kwa 4, kina mita 1. Hizo ni lita 20,000. Kufikia chumvi ya bahari unahitaji kilo 700, yaani magunia 14 ya kilo hamsini hamsini, kwa bwawa ambalo halilishi mtu hata mmoja. Na bado hujapata bahari. Chumvi ya Uvinza ni chumvi nzuri ya kupikia, imelisha watu wa bara kwa karne nyingi, lakini chumvi ya kupikia ni kitu kimoja na bahari ni mchanganyiko. Ndani ya bahari kuna magnesi, kalsi, potasi na salfeti kwa viwango maalumu. Salfeti ndiyo mwani mwekundu hutumia kujenga karaginani, ule uteute wake wa thamani unaokwenda kwenye aiskrimu, dawa ya meno na nyama za makopo. Bila hiyo mwani haujengi mwili. Juu ya hayo, bwawa limesimama. Mwani unataka maji yanayopita usiku na mchana kuuletea virutubisho na kuuondolea uchafu. Maji yakiwa yametulia juani, yanapungua kwa mvuke, chumvi inapanda kila siku, na mvua ikinyesha inashuka ghafla. Mwisho wa yote mtakuwa na maji ya chumvi ambayo hamwezi kuyamwaga shambani wala ziwani bila kuleta madhara.

Halafu hiyo "mbegu." Mwani hauna mbegu ya kuweka mfukoni. Huko porini Chondrus huzaliana kwa vijibegu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mzunguko wake una zamu zaidi ya moja kabla ya kurudi ulikoanzia. Wakulima wa Zanzibar wakisema mbegu wanamaanisha kipande kibichi cha mwani hai, kilichokatwa kwenye mwani mwingine na kurudishwa baharini upesi, kabla ya jua kukikausha. Safari ya kutoka pwani hadi Kigoma inakimaliza. Kama kilichomo kwenye mfuko wa kijana ni kikavu, kimekufa, hata kikivimba mkikiloweka. Kuvimba ni kunywa maji tu, si kufufuka.

Kuhusu ziwa kuwa bahari ya zamani, kijana hakulizua yeye. Mtaalamu wa wanyama Mwingereza, J. E. S. Moore, alikuja Tanganyika miaka ya 1890, akaona konokono wenye magamba mazito, yenye mbavu na miiba, wanaofanana kabisa na wa baharini. Akaona pia konyeza, wale viumbe wadogo wa mviringo, laini, wanaoonyesha upande wa pili, ambao wavuvi wenu huwakuta wakielea makundi makundi. Akaamini kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Ilikuwa hoja nzito wakati wake. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 na 1905 ulikusanya viumbe wengi zaidi, na hoja ya Moore haikusimama. Leo tunajua ziwa lilizaliwa kwa ardhi kupasuka, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na wanajiolojia hulikadiria umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Konokono wale ni ukoo wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Magamba yao yamekuwa mazito kwa sababu kaa wa ziwani huyavunja kwa magando, na kwa vizazi vingi waliosalia wakazaa ni wale wenye magamba yasiyovunjika kirahisi. Mimi naliona hilo ni la ajabu zaidi kuliko bahari iliyosahaulika bara. Ile nusu gramu ya chumvi nayo ina sababu yake: maji mengi ya ziwa huondoka kwa mvuke, kidogo tu hutoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo, kwa hiyo madini yanayoletwa na mito hubaki nyuma.

Kama mmewahi kuona utando mwekundu kwenye mawe ya kijito, huenda mmeona mwani mwekundu wa maji baridi kweli. Upo, ni aina chache kati ya maelfu, na hupenda zaidi vijito vinavyokimbia. Haulimwi wala hauna soko. Na rangi pekee haitoshi kumtambulisha mwani: Chondrus ukiwa juani kwenye maji mafupi hugeuka kijani au manjano, na ukiwa kwenye kivuli cha kina huiva wekundu wa zambarau, maana rangi ile nyekundu kazi yake ni kunasa mwanga wa kijani na buluu unaopenya chini.

Utaniuliza: kama utakufa, kuna ubaya gani kujaribu kidogo? Ubaya upo. Hamjui ndani ya mfuko mna nini. Muuzaji asiyejua kwamba mwani wa bahari hufa ziwani anaweza pia kuwauzia gugu la maji baridi ambalo halitakufa. Watu wa Ziwa Victoria wanajua magugu maji yalivyowafungia mialo. Hata mwani wa aina ya Kappaphycus, ndugu wa ule wa Zanzibar, ulipelekwa Hawaii miaka ya 1970 kwa nia njema, ukatoroka shambani na kufunika matumbawe kwenye ghuba ya Kaneohe. Ziwa lenu lina mamia ya aina za samaki ambao hawapo mahali pengine popote duniani, na wengi wao wanaishi kwa kuguguna ukoga wa kijani juu ya mawe hayo hayo mnayotaka kupandia mwani. Kuingiza kiumbe kigeni kwenye maji ya nchi si jambo la kufanywa na mtu binafsi bila kibali. Yeyote akiwaletea kitu hai cha kutia ziwani, kwanza aende nacho kwa afisa uvuvi wa halmashauri, au kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Kigoma. Kijana akikataa kwenda nanyi, mmeshapata jibu.

Sasa ile milioni moja na laki mbili ya akiba. Ingekuwa yangu, ningeanzia kwenye kazi mnayoijua. Kama bado mnaanika mchangani, vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi hutoa dagaa safi wasio na mchanga, wanaokauka upesi na kuuzwa bei nzuri zaidi. Dagaa waliokauka vizuri na kufungashwa vizuri ndio wanaoweza kukaa hadi ziwa likifungwa, wakati bei inapanda. Haina mvuto wa picha za Ulaya, lakini hakuna anayehitaji kuwafundisha soko lake.

Kama mmeupenda mwani, ipo njia halali ya kufanya nao biashara mkiwa Kigoma: nunueni uliokauka kutoka kwa vikundi vya Zanzibar au Tanga na muutie kwenye sabuni. Vikundi vya akina mama Zanzibar vinatengeneza sabuni za mwani, na nyinyi mna kitu ambacho wao hawana kwa wingi, mawese. Sabuni ya mawese Kigoma ina historia ndefu. Msitegemee faida kubwa miezi ya mwanzo. Nauli ya mzigo kutoka pwani itakula sehemu, na kostiki soda inataka kipimo sahihi na mikono iliyokingwa. Anzeni na kilo chache, na kabla ya kununua hata hizo nendeni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, muulize mafunzo ya sabuni na taratibu za alama ya ubora ya TBS. Kwenye lebo andikeni sabuni ya mawese na mwani. Neno tiba lisiwepo.

Ufugaji wa perege kwenye mabwawa nao unawezekana, lakini unahitaji ardhi yenye maji ya uhakika, chakula cha samaki na mtu wa kulinda usiku. Msiuanze kwa akiba yote. Watu wa TAFIRI wanaweza kuja kuangalia eneo lenu kabla hamjachimba.

Na kama kuna mwanakikundi aliyekwisha kulipia mfuko, adai fedha yake mapema, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akiwa na mfuko ambao haujafunguliwa.